MKANDARASI ATAJE ALICHOCHANGA



Mkono mtupu haulambwi. Tajiri anayempa mgombea pesa za kampeni, kesho anataka tenda ya barabara. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 iliagiza vyama na wagombea wataje michango waliyopewa. Sawa. Lakini anayetoa naye aulizwe, siku ileile anapoomba kazi ya serikali! Kodi ni yetu, na daraja likibomoka tunaokwama na mbata zetu ni sie.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni. Pesa na cheo vikilala chumba kimoja, mwananchi hulala nje.

Basi mkandarasi aandike: kamchangia nani, shilingi ngapi. Karatasi ibandikwe ukutani kama kilo zetu. Mchango safi hauogopi ukuta.