Ncha ya Kusini Nayo Inatuhusu

Kila msimu wa kusi wavuvi wa Kizimkazi huwaona nyangumi wakipita nje ya miamba yao. Wanyama hao hutoka katika bahari ya barafu ya kusini, ambako hula uduvi wakashiba, kisha huja katika maji yetu ya uvuguvugu kuzaa na kulea. Asemaye kwamba mambo ya Ncha ya Kusini hayamhusu mtu wa Unguja, na aende Kizimkazi akaulize.

Mataifa saba hudai kumiliki sehemu za bara la Antaktika: Uingereza, Ufaransa, Norwe, Australia, New Zealand, Argentina na Chile. Madai ya Uingereza, Argentina na Chile yanapandana. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Washington na nchi 12, tarehe 1 Desemba 1959, haukuyafuta madai hayo wala haukuyakubali. Uliyaacha yalivyo, ukakataza shughuli za kijeshi. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 ikakataza na uchimbaji wa madini. Haki isemwe: kazi hiyo ni njema.

Lakini tutazame ni nani waliokuwa barazani. Mwaka 1959 visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kutoka Afrika nzima ilikuwapo serikali moja tu, nayo ni ile ya makaburu. Malaysia ilipolifikisha suala hili mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1983, ikitaka mali hiyo iwe ya wanadamu wote, waliomo mkatabani walishikilia lao. Hata leo Afrika Kusini, ambayo sasa imekwisha kujikomboa, ndiyo nchi pekee ya bara letu iliyomo.

Sisi tunazijua ramani zinazochorwa mbali. Mwaka 1890 Ujerumani iliutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Hapana mvuvi wa Kizimkazi aliyeulizwa.

Wako watakaosema kwamba hatuna meli ya kuvunja barafu. Kweli hatuna, na haki ya kukata shauri hupewa nchi zinazofanya utafiti huko. Lakini mlango wa kujiunga u wazi kwa kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa, na wanasayansi wetu waweza kushirikiana na wenzao. Udogo nao si hoja: ni Shelisheli iliyopendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikakubali mwaka 1979.

Kuanzia mwaka 2048 nchi yoyote yenye kura mkatabani itaweza kudai itifaki ile ipitiwe upya. Barafu ikiyeyuka, maji yatapanda pwani zetu, si za wadai peke yao. Basi Serikali yetu na ijiunge sasa, ipate kiti kabla ya siku hiyo. Wahenga walikwisha kunena: asiyekuwapo na lake halipo.