Kupima Kisichoonekana: Naitrojeni katika Darasa la Ihanda

Mara nyingi husemwa na wanachuo kwamba sayansi haifundishiki katika shule isiyo na maabara. Sisi hatukubali, na kwa makusudi twachagua mfano mgumu: upimaji wa naitrojeni.

Mtoto wa Ihanda, wilayani Mbozi, hukua kati ya mahindi, maharage na kahawa. Darasani hukariri kwamba naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa. Nyumbani humwona mzazi akinunua mbolea kwa fedha nyingi na kuitia shambani kwa kukisia. Baina ya mambo haya mawili hapana daraja, na ni juu ya mwalimu kulijenga.

Na aanzie shamba la shule. Wanafunzi wang'oe taratibu mche wa maharage unaokaribia kutoa maua, waoshe mizizi, wapasue vinundu vyake. Vyenye wekundu ndani ndivyo vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Kisha watazame mahindi yaliyodhoofu: penye upungufu wa naitrojeni, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, kufuata mshipa wa kati. Hapo wamekwisha kupima, ingawa bila tarakimu.

Ndipo litakapozuka swali: tarakimu hupatikanaje? Njia mojawapo hutumia mwanga. Sampuli, tuseme ya maji, huunguzwa ndani ya oksijeni katika joto la nyuzi 1,000 hivi, na naitrojeni iliyofungamana na elementi nyingine hugeuka kuwa gesi ya nitriki oksidi. Gesi hiyo ikikutana na ozoni hutoa mwanga hafifu, ambao chombo huuhesabu gizani. Mwanga ukiwa maradufu, naitrojeni nayo ni maradufu. Mtoto amjuaye kimulimuli hatashangaa kuambiwa kwamba kemikali zaweza kutoa mwanga pasipo moto, ijapokuwa kemikali za mdudu huyo ni nyingine.

Madaktari nao wanaihitaji elimu hii. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watoto wenye malaria. Nitrati na nitriti, ambazo ni mabaki ya nitriki oksidi mwilini, zilipimwa. Ikaonekana kwamba kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo mwili ulivyotengeneza kidogo gesi hiyo. Mabaki hayo yaweza kurudishwa kuwa gesi na kupimwa kwa mwanga uleule.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya yamezidi kimo cha shule ya msingi. Milinganyo ya kemia imezidi, naam. Lakini kutafuta dalili ya kitu kisichoonekana, kisha kuihesabu dalili hiyo, hakukuzidi. Mwalimu na apande mahindi matuta mawili, moja palipokuwa na maharage msimu uliopita, jingine pasipokuwa nayo, na wanafunzi waandike kimo cha miche kila Ijumaa. Rula ya sentimeta 30 itatosha kwa majuma ya mwanzo. Baada ya hapo kamba yenye mafundo itafaa.