Prester John yupo hapa Nakivale

Leo tuongee juu ya barua moja ya uongo iliyosumbua Ulaya miaka mingi sana.

Kwenye mwaka 1165 hivi, barua ilianza kuzunguka kule. Ilisema imetoka kwa Prester John, mfalme Mkristo na tena padri, mwenye nchi tajiri huko mashariki: mto wenye mawe ya thamani, hakuna maskini, hakuna mwizi. Hakuna aliyemuona, lakini mwaka 1177 Papa Alexander III mwenyewe alimwandikia.

Walimtafuta Asia, wakamkosa. Ungefikiri watasema basi, tumedanganywa. Wapi! Walihamisha hadithi tu: kumbe yuko Afrika, Ethiopia. Mwaka 1487 mfalme wa Ureno akatuma watu wawili. Afonso de Paiva alifia njiani. Pêro da Covilhã alifika, akapewa mashamba na mke, ila kurudi kwao akakatazwa. Wareno waliofika mwaka 1520 walimkuta bado yuko huko. Na ile nchi ya utajiri usioisha? Mwaka 1541 yenyewe ndiyo iliyopokea askari kama 400 wa Ureno waje kuisaidia vitani.

Mnacheka? Sasa tuangalie kwetu. Dalali anakuambia ana mtu ofisini Mbarara, leta pesa, kesi yako itasogea, utapanda ndege kwenda Marekani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Dalali alinyamaza? Hapana, sasa anauza Kanada. Hadithi ni ileile, imehama tu.

Sisemi watu hawaendi. Wapo majirani zetu walioenda kihalali, na wanatuambia kule kuna kodi ya nyumba na kazi za usiku. Ethiopia nayo ilikuwepo kweli. Uongo ulikuwa kwenye barua.

Wengine wananiambia: bwana, waache watu waote, bila tumaini kambini utakufa. Nakubali, tumaini ni chakula. Lakini tumaini halina bei. UNHCR haiuzi nafasi, huduma zake ni bure. Ukiona mtu anadai pesa, hicho ni biashara yake, siyo safari yako. Na hasara siyo pesa peke yake. Kuna kijana hapa amekataa kujifunza ushonaji mwaka wa tatu sasa, eti anaondoka karibuni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ukipata nafasi ya kwenda, ufundi wako utaenda na wewe. Usipoipata, utakula nao hapahapa.

Kwa hiyo dalali akija, muulize mambo mawili tu: nani alishawahi kufika kwa njia yako, na kwa nini unalipisha kitu cha bure?

Mama anayetaka kuuza mbuzi wake wiki hii, msomee hii kabla hajaenda sokoni.