Chakula Chetu Tukithibitishe Wenyewe: Wito kwa Watu wa Kabimba

Ndugu wa Kabimba, papa na mama mnaolima vilimani na kando ya ziwa, mama mnaouza sokoni, wafanyakazi wa simenti mnaonunua mboga jioni baada ya kazi, na ninyi wa Kalemie mnaongoja mazao yanayofika kwa boti: nawaandikia juu ya jambo ambalo tumezoea kuwaachia wageni. Chakula tunachokula kimewekwa nini, nani anajua, na nani yuko tayari kulisema hilo mbele ya watu? Ulaya na Marekani swali hili hujibiwa kwa nembo ya kilimo hai inayobandikwa kwenye pakiti, na mnunuzi hulipa zaidi kwa ajili yake. Ninachoomba ni kwamba sisi tulijibu wenyewe, hapa hapa, bila kumlipa mkaguzi wa mbali na bila kupandisha bei ya fungu la sombe hata kwa franka moja.

Tuanze na nembo yenyewe, maana wako wanaoiamini kupita kiasi na wako wanaoidharau kabisa. Nembo ya kilimo hai inaeleza namna ya kulima. Inasema kwamba mkulima hakutia mbolea ya viwandani wala dawa za kemikali za kuua wadudu na magugu, kwamba anabadilisha mazao shambani, anarutubisha udongo kwa samadi na mboji, na kwamba mtu mwingine amekwenda kukagua. Kanuni za namna hiyo zilikubaliwa kimataifa katika Codex Alimentarius mwaka 1999, na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata kiwango chake pamoja na alama yake ya Kilimohai. Je, chakula chenye nembo ni bora zaidi? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 wakasema hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba kina lishe kuliko kingine. Miaka miwili baadaye kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle lilipitia tafiti 343, likaona tofauti kubwa zaidi kuliko wenzao: madini ya kadimiamu, yenye sumu, yalikuwa machache, na viambata fulani vya mimea vinavyodhaniwa kuukinga mwili vilikuwa vingi. Juu ya lishe wataalamu wanaendelea kubishana. Juu ya mabaki ya dawa za wadudu makundi yote mawili yalisema jambo moja, kwamba chakula cha kilimo hai kinayo machache. Basi nembo ina maana, ila maana yake ni finyu kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Tena inaweza kughushiwa. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu mkulima wa Missouri kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza nafaka ya kawaida kwa jina la kilimo hai, na mauzo yote ya udanganyifu huo yalizidi dola milioni 140. Ulikuwa ni ulaghai wa miaka mingi, katika nchi yenye sheria, wakaguzi na maabara.

Kuna mambo mengine ambayo nembo haiyagusi kabisa, na kwetu ndiyo yanayoua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Mengi ya mahindi yaliyowaua yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Hapa Kongo kuna konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto na wanawake huko Kwango pale muhogo mchungu usiporowekwa siku za kutosha, na muhogo huo haujapata kuona dawa ya kiwandani. Kalemie, kwa upande wake, inajulikana kuwa mji ambao kipindupindu hakiishi kurudi. Lengalenga iliyolimwa kwa samadi tupu ikisafishwa kwa maji machafu ya ufukweni inaweza kumpeleka mtu hospitalini, hata kama inastahili nembo ya nchi yoyote. Asili ina sumu zake. Anayetuambia kwamba cha asili ni salama kwa sababu tu ni cha asili anatudanganya, hata kama anatupenda.

Najua jibu ambalo wengi mmeshaliandaa: sisi tunalima kilimo hai tayari, maana mbolea yenyewe hatuna. Ni kweli kwamba Kongo ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazotumia mbolea ya viwandani kwa uchache sana. Lakini kukosa mbolea ni umaskini tu. Kilimo hai kinadai kazi ya kurudisha rutuba, na shamba linalochomwa moto, likalimwa muhogo mwaka baada ya mwaka hadi likachoka, halijarudishiwa kitu. Zaidi ya hapo, dawa zimeshaingia bila kubisha hodi. Tangu kiwavijeshi vamizi alipoingia Afrika mwaka 2016, yule mdudu anayekula moyo wa mahindi, watu wengi wasiokuwa na desturi ya kupuliza wamenunua bomba. Nyanya zina historia ndefu zaidi. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha wakulima wakipuliza dawa ya ukungu ya mankozebu hadi karibu sana na siku ya kuuza, ili nyanya isioze njiani. Maharagi nayo hufukiziwa dawa ghalani, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa maharagi makavu ya Nigeria kwa sababu ya mabaki ya diklorvosi. Maharagi yaliyokataliwa Ulaya yana walaji pia nyumbani, na hao hawana mpimaji. Katika masoko mengi ya mashariki ya Kongo na ya majirani zetu, dawa za namna hii humiminwa kutoka kwenye galoni hadi kwenye chupa ya maji au ya soda, zikauzwa bila jina, bila kipimo, bila kuandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zipo dawa za ghala zilizoruhusiwa kwa kipimo maalumu. Iliyo ndani ya chupa ya soda haina kipimo chochote, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji.

Na sisi tuna sababu moja ya kuogopa ambayo mkulima wa nyanda za mbali hana. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaoanzia pale pale Kalemie. Maji mengi ya ziwa hayatoki kwa mto. Hupanda kwa mvuke, na kinachobaki chini kinabaki. Maji yanayoingia leo hukaa humo mamia ya miaka. Dawa inayosombwa na mvua kutoka vilimani kwetu inaishia katika maji yale yale tunayochota, yanayotupatia ndakala na mikebuka. Hatuna ziwa lingine la kuhamia.

Kwa nini basi tusiombe nembo ile ya kimataifa ije kutuokoa? Kwa sababu haikutengenezwa kwa soko kama letu. Kakao ya Beni na kahawa ya Kivu zimepata vyeti vya kilimo hai, na ni vizuri, maana zinauzwa kwa watu ambao hawataiona Kongo maishani mwao na hawana njia nyingine ya kumwamini aliyelima. Gharama ya mkaguzi kutoka nje inarudi kwa bei ya ng'ambo. Ukimleta mkaguzi huyo kwa ajili ya mafungu ya matembele, malipo yake yatazidi mavuno. Na kama gharama itatupwa kwa mnunuzi, chakula safi kitakuwa cha mainjinia na wageni wa mashirika, na mama anayehesabu franka zake atabaki na kile cha chupa ya soda. Siwezi kuunga mkono usafi wa namna hiyo.

Iko njia nyingine, na imejaribiwa. Kusini mwa Brazil, tangu mwaka 1998, mtandao wa Ecovida umekuwa ukithibitisha mazao ya wanachama wake kwa wakulima kukaguana wenyewe, walaji wakiwemo. Sheria ya Brazil ya mwaka 2003 na kanuni zilizofuata ziliukubali utaratibu huo, zikaruhusu hata mkulima mdogo anayeuza moja kwa moja kwa mlaji asiwe na cheti, mradi yumo katika kikundi kinachosimamiana na shamba lake liko wazi kwa anayetaka kulitazama. Afrika Mashariki nayo haiko nyuma: vikundi vya Tanzania, Kenya na Uganda vinavyokaguana kwa namna hii vinaweza kutumia alama ya Kilimohai. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Tumezoea kusikia uanachama huo ukitajwa pale panapozungumzwa majeshi na mipaka. Wakulima wetu wana haki ya kudai sehemu yao ndani yake.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko Ecovida, na kwa upande mmoja ni kipana zaidi. Kila mtaa uunde kikundi cha walimaji, wauzaji na wanunuzi, na wanunuzi wasiwe wapambe, wawe na sauti sawa. Kila msimu wanachama watembeleane mashambani na ghalani, waandike katika daftari moja nani amelima nini na ametia nini. Nasema waandike alichotia, kwa sababu simzuii mtu aliyepata mfuko wa mbolea kuutumia, wala simwiti mchafu yule aliyepuliza mahindi yake alipoona yanamalizwa na kiwavi. Namtaka aseme jina la dawa na siku aliyopuliza, na asivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chombo chake cha asili. Dawa isiyo na chombo cha asili isiingie shambani kwa mwanachama. Baada ya mavuno, kisipulizwe kitu juu ya maharagi, unga au ndakala wa kuuza. Mahindi na karanga zikaushwe juu ya turubai au mkeka hadi zikauke kweli, muhogo urowekwe siku zake zote, na mboga zioshwe kwa maji yaliyotiwa klorini au ya kisima kilichofunikwa. Anayevunja ahadi akae nje msimu mzima, na jina lake lisomwe sokoni kama linavyosomwa la aliyetimiza. Badala ya dawa zipo njia ambazo hazina gharama kubwa: kuokota mayai ya kiwavi asubuhi na kutia majivu au mchanga kwenye moyo wa mahindi, kuhifadhi maharagi kwenye mifuko ya tabaka tatu inayowanyima wadudu hewa, kufukia majani ya alizeti pori shambani, kupanda kunde baada ya muhogo. Kazi yake ni nzito, na sitaki kuificha. Ndiyo maana mnunuzi lazima naye atoe kitu. Bei isipande, ila ununuzi uwe wa hakika: shule, vituo vya afya, parokia na kantini ziahidi kununua kwa kikundi kwanza kabla ya kwenda kwingine. Mkulima mwenye mnunuzi wa hakika halazimiki kupuliza nyanya ili zimngoje mteja wiki nzima.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza juu ya sumu, na watataja Sri Lanka. Wana haki ya kuitaja. Aprili 2021 serikali ya nchi ile ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na dawa za kemikali, kufikia Novemba mwaka huo huo ikabidi irudi nyuma, na mavuno ya mpunga yaliyofuata yakaporomoka. Lakini pale walilazimishwa, kwa amri ya siku moja, wakulima waliokuwa wamezoea mbolea kwa miaka mingi. Mkulima wa Kabimba haanzii pale. Kwake samadi na kunde ni nyongeza juu ya udongo uliokuwa haupewi kitu. Na daftari halimwondolei mwenye njaa hata kijiko cha bukari. Linamwambia tu kilichomo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Mtu wa Kongo akisikia kamati, anasikia kodi mpya, muhuri mpya, mkono mpya ulionyooshwa barabarani. Kikundi kinaweza kununuliwa, kinaweza kugeuka cha ukoo mmoja au cha upande mmoja, na jimbo letu limeona damu ya kutosha kati ya majirani. Kwa hiyo pasiwe na ada, pasiwe na muhuri, pasiwe na kadi ya kuuza. Wakaguzi wabadilike kila msimu, na asiwepo anayekagua shamba la ndugu yake. Kila kikundi kiwe na watu wa makabila yote ya mtaa, Watwa wakiwemo. Daftari lisomwe kwa sauti sokoni, mbele ya waliolimiwa na waliolima. Bado kutakuwa na udanganyifu, kama ulivyokuwepo Missouri; tofauti ni kwamba hapa aliyedanganywa anaijua njia ya kwenda shambani kwa aliyemdanganya.

Serikali nayo haijasamehewa. Chifu na mkuu wa soko wana uwezo wa kukataza dawa zinazouzwa kwenye chupa za vinywaji, na hilo halihitaji bajeti. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti iulizwe ni dawa zipi zinazoshuka bandarini Kalemie, na jibu libandikwe ukutani. Maagronomo wa serikali waalikwe kwenye matembezi ya mashamba, walishwe chakula cha mchana, wasilipwe kingine.

Mvua huanza Oktoba. Miezi iliyo mbele yake, mashamba yakiwa yamepumzika, ndiyo nafasi ya kukutana. Nashauri tuanze na maharagi, kwa sababu yanakaa ghalani muda mrefu, yanafukiziwa zaidi, na watoto wetu wanayala shuleni. Kila mtaa uchague walimaji, wauzaji na wanunuzi kwa idadi sawa, ununue daftari, na uandike kwenye ukurasa wa kwanza majina ya dawa zote zinazouzwa sokoni kwake, zenye chombo chake na zisizokuwa nacho.