Picha Isiyokatwa Haijawahi Kupigwa

"Picha ya kweli haikatwi." Maneno hayo yalitamkwa na jaji wa shindano dogo la picha jijini Dar es Salaam, kipaza sauti mkononi, mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri matokeo. Hakuyasema kama maoni yake. Aliyasema kama sheria, na kwa sheria hiyo akaiondoa mashindanoni picha bora kuliko zote zilizokuwa ukutani: ngalawa ya Kunduchi, tanga limekunjwa, omo imeelekea kulia lilikochomoza jua, na njia ya mwanga imeshuka kutoka kwenye jua hadi mchangani ikiigusa omo hiyo njiani. Binti aliyeipiga aliulizwa kama ameikata. Akajibu ukweli: ndiyo, kidogo juu, na sana upande wa kushoto. Basi. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kumuunga mkono jaji, na binti akashusha picha yake ukutani.

Nimechukia, na sitaki kuificha hasira hiyo, kwa sababu imani hii imeota mizizi. Kila kundi la WhatsApp la wapiga picha lina mtu anayeturushia picha ya macheo na chini yake ameandika "haijakatwa, haijaguswa", kana kwamba hilo ndilo la kusifiwa. Vijana wanaojifunza wanaogopa kukata kama wanaogopa kuiba. Wanatuletea anga tupu, mchanga mtupu, na jua dogo kama punje katikati, halafu wanatuambia huo ndio uaminifu.

Nataka kusema jambo moja tu, na nitalirudia mpaka lieleweke: hakuna picha isiyokatwa. Haijawahi kupigwa, tangu kamera ibuniwe.

Lenzi ni duara. Mwanga unaopita ndani yake unatua nyuma ukiwa duara pia. Lakini picha yako si duara, ni mstatili. Duara limekwenda wapi? Limekatwa. Kamera imechukua mstatili kutoka katikati ya duara hilo na kuacha ukingo wote upotee, na imefanya hivyo kabla kidole chako hakijagusa kitufe. Na nani aliamua mstatili uwe na umbo lile? Katika kamera nyingi aliamua Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, ambayo picha yake moja ilikuwa milimita 18 kwa 24, akaiongeza mara mbili ikawa 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, ilitolewa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, na mpaka leo kamera tunazonunua Kariakoo zinafuata uwiano huohuo wa tatu kwa mbili. Simu nyingi zina nne kwa tatu, umbo lililorithiwa kwenye televisheni za zamani. Kwa hiyo anayejigamba kwamba hakukata picha yake amekatiwa na kiwanda, akakubali, akanyamaza. Binti wa Kunduchi alikataa kukatiwa. Alikata mwenyewe, kwa jicho lake, na kwa sababu anayoweza kuieleza. Huyo ndiye aliyeitwa mdanganyifu.

Na kiwanda si cha kwanza kukata. Mpiga picha anaposimama Kunduchi saa kumi na mbili asubuhi na kuelekeza uso baharini, nyuma yake kuna soko la samaki, mapipa ya barafu, madalali wanaopigiana kelele, na mama anayewasha jiko la kukaangia. Vyote hivyo amevikata kwa kuvipa mgongo. Alipopiga hatua mbili kulia ili mlingoti usiguse jua, alikata. Alipochuchumaa ili upeo wa bahari ushuke nyuma ya ngalawa, alikata. Jaji hana neno na mikato hiyo yote. Mkato unaomkera ni ule wa mwisho tu, unaofanywa mezani na mtu aliyetulia na kufikiri.

Na anayesema "ungepanga vizuri palepale" hajawahi kusimama ufukweni jua likichomoza. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu halipandi kwa mshazari kama la Ulaya. Linapanda karibu wima. Tangu ukingo wake wa kwanza uonekane juu ya maji hadi duara lote liachane na bahari ni kama dakika mbili. Dakika mbili! Ndani ya hizo uamue ngalawa ikae wapi, usubiri wimbi livunjike, umwombe mlinzi wa hoteli asogeze kiti chake cha plastiki, na mwavuli uliofungwa pale tangu jana uuambie uondoke. Mwenye ngalawa naye hakusubiri. Maji yakimruhusu anaondoka, kwa sababu amekuja kutafuta riziki, hakuja kupigwa picha. Mpiga picha mwenye akili hupiga kwa upana ili asipoteze kitu, kisha hukata baadaye.

Tena jua ni dogo. Kwa macho linaonekana kubwa linapogusa maji, lakini lenzi ya kawaida ya simu inaliona kama sehemu moja kati ya 150 ya upana wa picha. Ndiyo maana watu wengi hurudi nyumbani na macheo yaliyowatia machozi ufukweni, wakafungua simu na kukuta nukta ya njano katikati ya uwanja mtupu. Picha haikuharibika. Ina anga kupita kiasi. Kata anga isiyo na wingu, kata mchanga usio na kitu, na ghafla jua na ngalawa vinasemezana.

Hivyo ndivyo alivyofanya yule binti. Upande wa kushoto kulikuwa na nusu ya mwavuli na kiti kile cha mlinzi. Alipovikata, ngalawa ikahama kutoka katikati na kusogea kushoto, na mbele ya omo ikapata bahari ya kwenda. Alipokata anga ya juu, upeo ukapanda na jicho likabaki kwenye maji, ambako mwanga wote ulikuwa. Hakukata ncha ya mlingoti, kosa ambalo nusu ya picha zilizopata zawadi siku ile zilikuwa nalo. Mtu anayejua kuacha nafasi mbele ya chombo na kulinda ncha ya mlingoti ni mtu anayeona.

Kuna jambo jingine ambalo wapinga mkato hawa hawataki kulisikia. Bahari imelala sawa. Hakuna bahari iliyoinamia kushoto kama meza mbovu. Lakini ukipiga kwa haraka, umesimama kwenye mchanga unaodidimia, upeo utainama kidogo. Kuunyoosha inakubidi uizungushe picha, na ukiizungusha, pembe zake zinakatwa. Hakuna njia nyingine. Hivyo asiyekubali kukata anatuonyesha Bahari ya Hindi ikimwagika kuelekea Mombasa na kutuambia huo ndio ukweli. Wapo wengine wanaolivuta jua kwa zumu ya simu zao, zumu ya kidijitali isiyosogeza kioo chochote, halafu wanaapa kwamba hawakukata. Zumu hiyo ni mkato mtupu. Simu inachukua kipande cha katikati, inakikuza, inakurudishia. Umekata, ndugu yangu, na umekata vibaya kuliko ambavyo ungekata mezani.

Wanakimbilia wapi wakibanwa? Kwanza kwenye ubora: eti ukikata, picha inakufa. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ikate nusu ya upana na nusu ya urefu, ubaki na robo peke yake, bado una 3,000 kwa 2,000, inayojaza upana wa karatasi ya A4 iliyolazwa kwa zaidi ya pikseli 250 kila inchi. Na wanaolia hivyo picha zao zote wanazituma kwa WhatsApp, inayozibana mpaka mawimbi yanakuwa ukungu, na hatujawasikia wakilalamika.

Pili wanakimbilia kwa Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyechukia kukata picha. Ni kweli alichukia. Lakini picha yake ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, mojawapo ya picha mashuhuri kuliko zote katika historia ya kazi hii, imekatwa. Aliipiga kupitia upenyo wa ua wa mbao, ubao ukaziba sehemu ya picha, naye akaukata. Kama mkato haukuiua picha ile, hautaiua ya Kunduchi. Vilevile, mpiga picha Alberto Korda alipompiga picha Che Guevara mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, kulikuwa na uso wa mtu mwingine upande mmoja na mnazi upande wa pili. Korda akavikata vyote viwili, na uso uliobaki umechapwa kwenye fulana, kuta na magari ya dunia nzima. Mwambieni Korda kwamba picha ya kweli haikatwi.

Tatu, na hapa ndipo wanapovimba kifua, wanasema mkato unaficha ukweli. Hawa wamechanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimnyang'anya Stepan Rudik wa Ukraine zawadi yake. Picha yake aliyoituma ilikuwa imekatwa sana kutoka kwenye picha ya awali, na waandaaji hawakumtoa kwa hilo. Walimtoa kwa sababu alifuta kipande cha mguu wa mtu kilichoonekana ndani ya picha. Mstari uko hapo. Kufuta kitu kilichokuwemo ndani ya fremu ni uongo, na kupandikiza mwezi au ndege wasiokuwepo ni uongo. Kuamua fremu inaishia wapi ndiyo kazi yenyewe ya mpiga picha, kama kukata kitambaa ilivyo kazi ya fundi cherehani. Hakuna anayemdai kanzu ya jora zima.

Na hawa watetezi wa ukweli, nimewatazama vizuri. Jaji yuleyule alitoa zawadi ya pili kwa anga iliyotiwa rangi ya chungwa mpaka imekuwa kama soda ya Mirinda, rangi ambayo macheo ya pwani yetu hayajawahi kuwa nayo, si wakati wa kusi wala wakati wa kaskazi. Hakuuliza kitu. Zawadi ya tatu ilikwenda kwa picha ambayo mpigaji ameandika jina lake na namba ya simu kwa herufi nyeupe katikati ya maji. Na kama kweli wanautetea ukweli wa fukwe zetu, waziseme kuta za hoteli zinazomfungia mvuvi njia ya kupita, na chupa za plastiki zinazotapakaa mchangani miaka baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2019. Hayo hawayagusi. Wanashughulika na kijana aliyekata mwavuli.

Tena jaji huyo alianza hotuba yake kwa kuwafundisha washiriki kanuni ya theluthi: gawa picha mara tatu, weka chombo kwenye mstari. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1797 na Mwingereza John Thomas Smith, mchoraji na mchonga picha, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani. Mchoraji ana wiki nzima ya kusogeza mti wake kwa brashi. Mpiga picha wa macheo ana dakika mbili na ngalawa isiyomsikiliza, na chombo pekee kinachoweza kumfikisha kwenye theluthi hiyo ni mkato. Jaji anadai matokeo na kukataza njia ya kuyapata.

Wazee wetu waliosafisha picha kwenye chumba cha giza wangeshangaa. Picha ilipokuzwa kwenye karatasi, kulikuwa na kingo za chuma za kusogeza ili kuamua karatasi ipate nini na ikose nini. Hakuna aliyeita hilo udanganyifu. Liliitwa ufundi, na mteja alililipia.

Vijana, kateni. Wakati anga ina mawingu yenye moto, yape mawingu nafasi na ushushe upeo. Wakati anga ni tupu na mchanga uliolowa unaakisi mwanga, pandisha upeo na ukate anga. Picha ya bahari pana inaweza kuwa ndefu na nyembamba, upana mara mbili ya kimo; ngalawa moja na jua moja vinaweza kutosha ndani ya mraba. Chunguza kingo zote nne kabla ya kuhifadhi, maana uchafu wa picha hujificha pembeni. Ukiulizwa kama umekata, jibu ndiyo, na ueleze kwa nini.

Na waandaaji wa mashindano waandike masharti upya kabla ya msimu ujao. Sharti moja linatosha: usiongeze kitu, usifute kitu, kingo ni zako. Mpaka sharti hilo liandikwe, washiriki wasilipe ada ya kuingia, na picha zao wazitundike kwingine.