Maktaba ya Arusha isibaki ukumbi wa mitihani

Uwanja mkuu wa mpira wa Arusha umepewa jina la mshairi. Maelfu ya watu huingia Sheikh Amri Abeid kutazama ligi, kusikiliza hotuba za viongozi au kusherehekea sikukuu za taifa, na wengi wao hawajawahi kukishika kitabu chake. Amri Abeid Kaluta, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye akawa waziri. Kabla ya vyeo hivyo, mwaka 1954, alikwisha kutoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho walimu wa Kiswahili bado wanakirejea wanapofundisha vina na mizani. Jina lake linatajwa kila wiki ya mechi. Jioni moja ya kughani mashairi yake, katika mji huohuo, ingegharimu kiasi gani?

Swali hilo linaihusu maktaba ya umma, kwa kuwa hakuna taasisi nyingine mjini yenye wajibu wa kuwakusanya watu wa kila rika kwa ajili ya kitabu. Shule ina wanafunzi wake, msikiti na kanisa vina waumini wao. Maktaba ni ya kila mtu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Wengi wao hawapo darasani. Ni akina mama lishe wa Kilombero, mafundi wa Unga Limited, madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria kwenye Mnara wa Saa, wastaafu wa Sakina na Njiro, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule.

Anayekaa katika maktaba nyingi za mikoa nchini ni mtu mmoja. Kijana wa kidato cha nne anaingia na begi, anatafuta kiti karibu na dirisha, anatoa daftari lake na mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa fotokopi, anainama mpaka jioni, kisha anaondoka bila kuvuta hata kitabu kimoja rafuni. Hana kosa lolote. Nyumbani kuna taa moja, wadogo zake wanne na redio ya jirani, na maktaba imempa kiti, mwanga na utulivu asivyovipata kwingine. Tatizo linaanza matokeo yanapotoka. Mtihani ukiisha, na sababu ya kwenda maktaba imekwisha. Kijana aliyekalia kiti kile mwaka mzima hatarudi akiwa baba wa watoto wawili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mahali pale pana jambo lingine la kufanya.

Waasisi wa huduma hii hawakuikusudia hivyo. Mwaka 1960 Sidney Hockey aliandika ripoti iliyopendekeza huduma za maktaba kwa nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 1963 Tanganyika ikatunga sheria ya kuunda bodi ya maktaba. Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam Desemba 1967, mwaka uleule ambao Azimio la Arusha lilitangazwa. Kabla ya hapo Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, lilikuwa likisambaza maktaba za masanduku na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Kitabu kilimfuata msomaji alipo.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba Watanzania watu wazima husoma wakiitwa vizuri ulitoka nje ya majengo ya maktaba. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni mbili wakajiunga na vikundi vya kujisomea kwa wiki kumi na mbili. Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Watu kumi na kadhaa wanakaa chini ya mti au kwenye baraza, redio iko katikati. Kipindi kinatangazwa kwa muda mfupi. Kikiisha, anayejua kusoma anafungua kijitabu na kuwasomea wenzake kwa sauti ukurasa kuhusu malaria, minyoo au maji machafu. Wanaulizana maswali. Halafu wanaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Babu asiyejua herufi na kijana aliyemaliza darasa la saba wamekaa jamvi moja, wanashiriki kitabu kimoja, na kesho yake wanashika majembe.

Kampeni hiyo ilikwenda sambamba na elimu ya watu wazima, na takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi mmoja kati ya kumi katikati ya miaka ya 1980. Maktaba za vijiji zilifunguliwa ili wasomaji wapya wasisahau walichojifunza. Kisha vita vya Kagera, uhaba wa karatasi na uchumi uliodorora vikazikausha. Vitabu vilevile vilisomwa mpaka vikachakaa, vipya havikuja. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba pamoja na vitabu kilipotea pia kile kikao: siku, saa na mahali ambapo jirani alijua kwamba leo tunasoma.

Kikao hicho kinaweza kurudi Arusha, na malighafi yake iko mlimani.

Miteremko ya Meru imezaa vitabu kuliko wakazi wake wengi wanavyojua. Peter Palangyo alizaliwa Nkoaranga mwaka 1939, na riwaya yake Dying in the Sun, iliyotoka mwaka 1968 katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ni miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiingereza kuandikwa na Mtanzania. Ismael Mbise, Mmeru pia, aliandika Blood on Our Land, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1974. Riwaya hiyo inatokana na jambo ambalo kila mzee wa Meru analijua: Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao elfu tatu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 akawatetee mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi wakati huo, lakini sauti ya kijiji cha Tanganyika ilikuwa imesikika duniani. Mwaka 1967 Japhet na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, walichapisha The Meru Land Case, na mwaka huohuo Anton Nelson, Mmarekani aliyewahi kuwa mshauri wa ushirika Meru, akatoa The Freemen of Meru.

Vitabu vyote vinne viliandikwa kwa Kiingereza. Bibi wa Engare Nanyuki aliyekuwa na miaka saba nyumba ya baba yake ilipoungua sasa amepita themanini, na hawezi kusoma kilichoandikwa kuhusu siku ile. Mjukuu wake anayesoma sekondari Kiingereza anakijua, ila kitabu hakijui. Hapo ndipo maktaba ya umma ina kazi ambayo hakuna mwingine ataifanya. Mwalimu wa lugha anaweza kutayarisha kurasa chache kwa Kiswahili, zikasomwa kwa sauti Jumamosi moja, na wazee wakaalikwa kusema mwandishi amepatia wapi na amekosea wapi. Vijana warekodi kwa simu zao. Kila kikao kiache nakala ya sauti na karatasi mbili tatu za maandishi ambazo maktaba itazihifadhi chini ya jina la kijiji husika. Jambo hili lina haraka, kwa kuwa walioshuhudia mwaka 1951 hawatakuwapo kwa muda mrefu.

Tafsiri kamili nazo zinawezekana. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilipata mwili wa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis na mchapishaji Mkuki na Nyota. Ilihitajika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ili kuwazindua wengi kuhusu mwandishi huyo wa Zanzibar. Palangyo na Mbise wasingojee tuzo.

Kwa watoto wadogo mambo ni mepesi zaidi, na yanahitaji hasa uvumilivu wa mtu mzima. Mtoto hujifunza kupenda kitabu akiwa amekaa karibu na mtu anayemsomea. Arusha ina walimu wastaafu tele, watu wenye sauti iliyozoea darasa na asubuhi zisizo na kazi. Waalikwe, wapangiwe zamu, walipiwe nauli ya daladala na wapewe chai. Mmoja aanze kwa paukwa, watoto waitikie pakawa, hadithi isomwe huku picha zikionyeshwa, kisha kila mtoto aondoke na kitabu cha kuazima. Vitabu vya Kiswahili vya umri huo vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia uchapishaji wake tangu mwaka 1991. Wazazi wengi waliosoma shule zenye kitabu kimoja kwa watoto watano hawakuwahi kusomewa hadithi ya karatasi. Wakikaa nyuma ya watoto wao pale chini, wao pia wanaanza.

Wasiojali mashairi wala historia wawekewe wanachokitaka. Riwaya za Willy Gamba za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, zilisomwa na makuli, makarani na askari bila kushurutishwa na mwalimu. Kikundi cha madereva wa bodaboda kinachojadili riwaya ya upelelezi ni kikundi cha wasomaji sawasawa na kile cha wahadhiri. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imetengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, hivyo wiki ya kwanza wasomaji wasome na kujadili, wiki ya nne watazame na kubishana.

Majirani wameonyesha kwamba hayo hayahitaji jumba la fahari. Kijijini Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu. Baadaye likaja jengo dogo na umeme wa jua, na kikaundwa kikundi cha akina mama wanaokutana hapo kujifunza na kusoma. Wanafunzi wa sekondari waliajiriwa kwa saa chache kusaidia kazi za maktaba, na ujira wao ukalipia ada. Kenya ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Jijini Nairobi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida, kwa kuwauliza kwanza wakazi wanataka nini ndani yake.

Arusha nayo ina Kaloleni yake, mtaa wenye Makumbusho ya Azimio. Ina Tengeru, ambako soko la Jumatano na Jumamosi huwakusanya watu wa vijiji vingi vya Meru kuliko mkutano wowote wa hadhara. Gari lenye rafu za vitabu likiegeshwa pembeni ya soko hilo kwa ratiba isiyobadilika, mama aliyeteremka na ndizi kutoka Akheri ataazima kitabu Jumatano hii na kukirudisha Jumatano ya pili. Hapohapo Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ushirikiano nacho ungeiwezesha ratiba ya maktaba kuwa na saa za wasioona, kwa nukta nundu na kwa kusomewa.

Wapo watakaosema fedha hazipo, na kwa ununuzi wa vitabu hoja yao ina uzito. Lakini gharama kubwa ya shughuli za namna hii ni saa za mtu. Wakutubi waliosomea kazi yao Bagamoyo wamejaa shughuli za kuandikisha, kupanga na kulinda vitabu, na ratiba ya usomaji huangukia kwa anayejitolea mpaka achoke. Inatakiwa nafasi moja ya kazi yenye jina na mshahara: mratibu wa shughuli za wasomaji, anayepimwa kwa idadi ya vikao vilivyofanyika na umri wa waliohudhuria. Baraza la Madiwani la Jiji na la Halmashauri ya Meru yanaweza kukubaliana na Bodi ya Huduma za Maktaba kugawana mshahara huo na mafuta ya gari.

Siku za kuanzia hazikosekani. Kila tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe 8 Septemba ni siku ya kimataifa ya kisomo. Tatizo la siku kuu ni kwamba turubai likishushwa na wageni rasmi wakiondoka, wiki inayofuata milango inarudi kwa yule kijana na mitihani yake ya fotokopi. Mratibu akishaajiriwa, kazi yake ya kwanza iwe karatasi moja ya ratiba ya miezi mitatu: watoto Jumamosi asubuhi, riwaya Alhamisi jioni baada ya kazi, wazee wa Meru mara moja kwa mwezi. Ibandikwe Soko Kuu, stendi, zahanati na misikiti na makanisa, isomwe redioni, na kikao cha kwanza kifanyike hata wakija watu sita.