Nani Mwenye Hesabu ya Ndege?

Washairi wa mwambao wamemtuma ndege kwa mpenzi tangu zamani, wala hawajachoka kumtuma. Wachache waliuliza atokako. Kitwitwi, sululu na shakwe huishia kuwa vina; na akionekana mtu ufukoni na darubini, akihesabu, barazani huchekwa: huyo hana kazi.

Kicheko hicho kina ujinga ndani yake. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, wapo wanaojitolea kupitia A Rocha Kenya, yenye kituo chake cha Mwamba. Kazi yao haina fahari. Hungojwa bamvua, maji yakafunika tope, ndege wakasongamana juu ya fungu dogo la mchanga; hapo ndipo huhesabika. Wengine hunaswa kwa wavu, wakavishwa pete nyepesi yenye nambari, wakaachiwa. Yumo kati yao ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na domo nene, mla kaa, ambaye huchimba shimo mchangani akataga humo, jambo lisilofanywa na mwenzake yeyote wa ufukoni. Huzaliana Oman, Ghuba na Somalia. Huanza kuwasili Agosti, kabla kaskazi haijashika. Yaani huyatangulia majahazi. Mshairi anayejivunia nasaba ya Maskati, na asimjue msafiri huyu, ndiye aliyepungukiwa.

Hata hivyo, barazani pana nusu ya haki. Vituo vingi vya ndege duniani humtaka anayejitolea ajilipie nauli, malazi na chakula. Sharti hilo limekwisha kumchagua mtu kabla hajaomba. Mvuvi ajuaye ndege walichelewa mwaka gani, na fungu gani wamelihama, haitwi aliyejitolea. Huitwa mwenyeji, na maarifa yake huzikwa naye.

Wala jambo hili si la maji ya chumvi pekee. Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, mkoani Katavi, iko mbali na bahari. Lakini jirani yake umetandaa uwanda wa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka, ambalo ufuko wake husogea na kurudi kwa kadiri ya mvua. Korongo weupe wa Ulaya huja katika nyanda za namna hiyo, wakala nzige na viwavijeshi. Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na tangu 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Nzige wamepata karani. Mkulima wa Mamba, ambaye shamba lake ndilo huliwa, ni nani aliyemwomba amhesabu korongo?

Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wakati huo wapo Wazungu waliosadiki kwamba ndege hulala chini ya maji wakati wa baridi. Pete za nambari alizianza Mortensen, Mdenmark, mwaka 1899, na jina lake limo vitabuni. La mrusha mkuki halikuulizwa.

Basi kituo kinachotangaza kutaka watu wa kujitolea kianze na nauli ya kijana wa Mamba na posho ya mvuvi wa Mida. Na daftari la hesabu liandikwe kwa Kiswahili, sululu aitwe sululu.